Masharti ya Njia

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya njia. Tuna njia yenyewe, tuna barabara, ujia, kichochoro na mkondo, na sisi watu wa visiwani tuna mlango, yaani ule upenyo baina ya fungu na fungu ambao nahodha asiyeujua hulipandisha jahazi lake juu ya miamba. Tuna pia majina ya watu wa njiani: msafiri, mpita njia, kiongozi wa msafara, rubani. Lakini hatuna, kwa kadiri ya kusoma kwangu, neno moja lililokubalika kwa wote la kile kinachokaa njia panda usiku na mchana kikimwambia kila apitaye, wewe shika huku na wewe shika kule, ilhali chenyewe hakisafiri hata hatua moja. Wataalamu wamependekeza kipanganjia. Mafundi, ambao ndio wanaokipangusa vumbi na kukibadilishia feni, husema rauta. Nami hapa nitawafuata mafundi.

Kazi yangu ni ushairi, na kinachonilisha ni tafsiri. Sikusoma chuo. Kiingereza changu nilikiokota redioni na katika vitabu vilivyokwisha kupoteza majalada, na hadi leo nikifasiri huwa na tabia ya mtu aliyejifunza peke yake: siamini neno mpaka nijue linafanya kazi gani. Kwa hiyo huenda msomaji akashangaa nikimwambia kwamba kazi iliyonisumbua kuliko zote katika mwaka uliopita haikuwa diwani wala riwaya, bali kurasa 11 za maagizo ya rauta moja iliyomo katika chumba kidogo mjini Kyela. Dada yangu aliolewa huko, na mwanawe wa pili ni fundi wa mitandao katika kampuni ndogo inayowauzia intaneti wenye nyumba za wageni wa Matema, shule, kituo cha afya na wanunuzi wa kakao. Yeye ndiye aliyenipigia simu. "Shikamoo mjomba. Nina maandishi hapa ya Kiingereza, nayafahamu yanachofanya lakini siwezi kuyasema. Njoo unisaidie kuyasema."

Nilikwenda. Asiyefika Kyela na ajaribu kuiona hivi: unatoka Mbeya, unaiacha Uyole, unapanda penye ubaridi na migomba na chai hadi Tukuyu, kisha barabara inateremka na joto linapanda, na mwisho ardhi inalala kama mkeka. Ni tambarare ya mpunga, minazi, michikichi na kakao, na mvua yake ni miongoni mwa mvua kubwa kabisa katika nchi nzima. Mito inaikatakata kwenda ziwani, Songwe, Kiwira, Mbaka, Lufilyo, na upande wa mashariki Milima ya Livingstone inasimama wima juu ya maji. Chini ya milima hiyo, Ikombe, Wakisi hufinyanga vyungu na kuvivusha kwa mitumbwi. Barabara kuu haiingii mjini Kyela; inapita Ibanda na kwenda zake Kasumulu, mpakani mwa Malawi. Mtu wa Kyela ni mtu wa kona ya nchi, na kila kinachomfikia kutoka Dar es Salaam, kiwe ni sukari au ni habari, kimepita mlango mmoja.

Habari siku hizi hupita katika uzi wa kioo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa mwaka 2009, mwaka ule ule ambao waya wa SEACOM uliibuka kutoka baharini Dar es Salaam, na tawi lake moja linashuka kwa njia hii ya Tukuyu hadi Kasumulu kuelekea Malawi. Kampuni ya mpwa wangu ina njia mbili za kutokea. Ya kwanza ni huo mkongo. Ya pili ni redio, sahani mbili zinazotazamana kutoka mnara hadi mnara, nyembamba na ghali. Na baina ya njia hizo mbili imekaa rauta, na ndani ya rauta yamekaa masharti ambayo Waingereza huyaita sera.

Neno hilo lilinitia matatani tangu siku ya kwanza. Sera kwetu ni jambo la wizara na la ilani za vyama. Ni kitu kinachotamkwa jukwaani na kuchapishwa katika kitabu chenye picha ya waziri. Zile kurasa 11 hazikuwa na sauti hiyo hata kidogo. Zilikuwa sentensi fupi fupi, kavu: likija hili kutoka kwa huyu, lipokee, likija lile, likatae, hili lipe daraja ya juu, lile la chini. Hayo ni masharti, kwa maana ile ile tunayoijua katika mkataba wa nyumba au katika ngano za majini. Nikaandika masharti ya njia, na mpwa wangu akaliridhia mara moja.

Kabla ya kuendelea sina budi kueleza masharti hayo yanatumika baina ya nani na nani, kwa sababu watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, hudhani intaneti ni kitu kimoja chenye mwenyewe. Haina mwenyewe. Ni mkusanyiko wa mifumo zaidi ya 70,000, kila mmoja ukijitawala, una namba yake na mipaka yake na mtu wake wa kulaumiwa. Hapo Kyela mfano haukuwa mbali. Wanyakyusa wa zamani walikuwa na desturi ambayo Godfrey na Monica Wilson, waliokaa nao katika miaka ya 1930, waliisifu kuwa ni ya pekee: watoto wa kiume wakifikia kama miaka kumi hutoka majumbani mwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pembezoni, na vibanda hivyo vikakua navyo hadi vikawa kijiji kamili cha rika moja, chenye viongozi wake. Monica Wilson alikiandikia desturi hiyo kitabu mwaka 1951, Good Company. Basi intaneti ni nchi ya vijiji vya namna hiyo. Kila kijiji kinasimamia mambo yake, na kwa jirani yake kinapeleka habari moja tu: kupitia kwangu unaweza kumfikia fulani na fulani, na njia yenyewe inapita kijiji hiki na kile. Jirani anaweza kuamini, anaweza kukataa, anaweza kuamini nusu. Utaratibu wa kupashana habari hizo ulibuniwa Januari 1989 na Kirk Lougheed na Yakov Rekhter, wakati wa mkutano huko Austin, Texas, na mara ya kwanza uliandikwa juu ya karatasi za kupangusia mikono mezani. Uliokusudiwa kuwa kiraka cha muda ndio unaoishika dunia hadi leo.

Maneno ya utaratibu huo yalinipendeza. Jirani ni jirani, hapakuwa na la kufasiri. Kupeleka habari ya njia nikakuita kutangaza, na kuiondoa habari hiyo, wakati njia imekufa, nikakuita kutangua. Tangaza na tangua: sikuyatafuta, yalikuwa yamekaa pamoja katika lugha yanangoja. Ndoa hutangazwa na hutanguliwa, na njia vile vile.

Lililonifurahisha zaidi lilikuwa kiambishi. Kila mtu aliyesoma sarufi ya Kiswahili anajua kiambishi awali, kile kipande kinachokaa mbele ya mzizi na kukuambia jambo ni la kundi gani. Rauta nazo hazishiki anwani nzima nzima, hazingeweza, hushika viambishi. Anwani inayoanza na 41, mathalani, ni katika fungu lililokabidhiwa mwaka 2005 kwa AFRINIC, shirika linalogawa namba za Afrika kutoka Mauritius. Ukiongeza tarakimu mbele ya hapo unaingia nchi, ukiongeza tena unaingia kampuni, na mwisho unafika mlangoni kwa mtu. Niliwaeleza hivyo vijana wawili wanaojifunza kazi kwa mpwa wangu, na mmoja, binti wa Ipinda, akanikatiza kwa adabu: "Ni kama majina yetu, mzee." Na kweli. Ukisikia Mwa, umeshajua kwamba mtu ni wa huku, lakini hujajua zaidi ya hapo. Ukisikia Mwaka umekaribia, ingawa ukoo bado ni mkubwa. Ukisikia Mwakali umeshika kona ya mtaa, na jina likitimia umefika uani. Nimefasiri miaka mingi na sijapata kuona tafsiri bora iliyotolewa kwa pumzi moja.

Kuna kanuni inayofuatana na viambishi ambayo ni lazima ijulikane, kwa kuwa ndiyo mlango wa maafa makubwa. Rauta ikisikia watangazaji wawili, mmoja akasema "nawajua wote wa Mwa" na mwingine akasema "namjua yule wa Mwakali", humfuata wa pili bila ya kuuliza ni nani. Aliyetaja kwa ufinyu zaidi ndiye anayesadikiwa. Mwezi Februari 2008 serikali ya Pakistan iliamuru YouTube ifungwe nchini humo. Kampuni ya simu ya nchi hiyo ikaandika njia ya uongo inayoelekea shimoni, yenye kiambishi chembamba kuliko kile YouTube yenyewe ilichokuwa ikikitangaza, kwa nia ya kuwazuia watu wa kwao tu. Tangazo likavuja kwa jirani yao wa Hong Kong, jirani akalipokea bila ya kulihakiki na kulipitisha mbele, na kwa muda wa kama saa mbili watu wa pembe nyingi za dunia waliotaka kutazama YouTube walipelekwa Pakistan wakatumbukia. YouTube walijinasua kwa kutangaza viambishi vyembamba zaidi vya kwao. Kosa la Pakistan linasimuliwa sana. Mimi nadhani kosa zito lilikuwa la yule jirani, ambaye masharti yake ya kupokea hayakuwa na hata sentensi moja ya kuuliza, je, huyu ana haki ya kulisema hili?

Sasa nifike kwenye lililoniita Kyela hasa.

Masika yaliyotangulia, mkongo ulikatika. Maji yalikula ukingo wa barabara upande wa juu, jambo la kila mwaka huko. Njia ya redio ilikuwapo, na iliwekwa kwa ajili ya siku kama hiyo. Taa za rauta zote zilikuwa kijani. Lakini kwa siku mbili wateja hawakuweza kufungua chochote isipokuwa anwani chache za Dar es Salaam, na uchache huo ndio uliowapoteza mafundi, maana njia iliyokufa kabisa hutafutwa, ila iliyo hai kidogo hudanganya. Kituo cha afya kilirudia madaftari. Watu wa chama cha ushirika wa kakao walikaa bila ya habari ya mnada. Mwenye kampuni akamsimamisha mpwa wangu mbele ya ile mashine na kumwuliza, "Humu ndani mmeandika nini?" Na yeye, aliyekuwa akijua kila mstari, hakuwa na la kumwambia kwa lugha ambayo mzee yule angeielewa. Masharti yaliandikwa miaka kadhaa nyuma na fundi wa kukodiwa, ambaye alishaondoka na hakuacha maelezo.

Sababu ilikuwa ni mstari ambao haukuandikwa. Masharti ya kupokea kutoka redioni yalikuwa mawili, yenye namba 10 na 20. La 10: ruhusu orodha hii. La 20: ruhusu orodha ile. Yule fundi alitaka redio, kwa ughali wake, ichukue mambo machache tu. Baada ya 20 hapakuwa na kitu. Lakini katika rauta za aina ile, patupu pana maana. Ukishaandika sharti hata moja, mwisho wa orodha husimama sharti jingine lisiloonekana: kila kisichotajwa kimekatazwa. Usipoandika sharti lolote kabisa, basi mashine hizo hizo kwa desturi zilipokea kila kitu. Yaani kimya cha mtu asiyesema kitu ni ndiyo, na kimya cha mtu aliyesema maneno mawili kisha akanyamaza ni hapana. Hukumu ya kale isemayo kwamba aliyenyamaza amekubali inashika upande mmoja na inaanguka upande wa pili. Wenye kutunga kanuni za intaneti waliliona tatizo la ile ndiyo ya kimya, na mwaka 2017 wakatoa waraka wenye namba 8212 unaotaka kwamba baina ya mifumo miwili, pasipokuwa na masharti, pasipokelewe wala pasitangazwe chochote. Rauta nyingi za zamani hazijausoma waraka huo.

Mfasiri afanye nini na mstari usiokuwapo? Katika ushairi tumezoea kwamba kisemwacho na kinachoachwa hukaa pamoja, na aghalabu msomaji hodari hukijaza kilichoachwa. Lakini hapa msomaji ni mashine, na hujaza kwa namna moja tu. Nilimshauri mpwa wangu tuuandike mstari huo katika tafsiri, kwa wino mwekundu, chini ya kila orodha: "Hapa pana katazo." Akasema vitabu vya mafundi havifanyi hivyo. Nikamwambia vitabu vya mafundi havikusimamishwa mbele ya mwenye kampuni.

Tulibishana pia juu ya upendeleo. Kila njia inayoingia hupewa namba ya kupimwa ndani ya kijiji, na yenye namba kubwa ndiyo inayofuatwa. Usipotaja, huwa ni 100. Kampuni ile iliupa mkongo 200. Kiingereza huiita namba hii kwa neno ambalo tafsiri yake ya moja kwa moja ni upendeleo. Mimi sikulitaka. Upendeleo katika Kiswahili cha leo unanuka. Ni kazi aliyopewa mtoto wa shangazi, ni jina lililoongezwa juu ya orodha kwa kalamu tofauti. Nikapendekeza kipaumbele. Mpwa wangu akakataa katakata. "Mjomba, upendeleo ndio ukweli. Hakuna njia iliyoshinda kwa ubora wake hapa. Tumeipendelea kwa sababu ni rahisi kulipia. Kesho tukibadili mkataba tutaipendelea nyingine." Nikafikiri usiku kucha, na asubuhi nikaliacha neno lake. Kipaumbele kingempa mwanafunzi dhana kwamba namba inapima sifa ya njia, kumbe inaonesha matakwa ya mwenye mashine.

Lakini utawala huo una kikomo, na hapa nilikuta jambo ambalo ningelitaka liwe langu. Unaweza kuamua wewe utoke kwa mlango upi. Huwezi kumwamuru mgeni aingie kwa mlango upi. Mgeni ana masharti yake huko atokako. Waweza tu kumshawishi, na njia mojawapo ya kumshawishi ni kukariri. Kila tangazo hubeba orodha ya vijiji lilivyopita, na aghalabu orodha fupi hupendwa. Basi kampuni ya Kyela, ikijitangaza kupitia mkongo, hutaja namba yake mara moja. Ikijitangaza kupitia redio, huikariri namba hiyo hiyo mara tatu, ili kwa upande huo ionekane iko mbali na wageni waione njia ndefu. Ni mtu anayesimama dirishani na kusema mimi, mimi, mimi, kwa makusudi ya kutokufikiwa. Sijui fani nyingine ambamo takriri ina kazi hiyo. Sisi hukariri ili tusikike.

Mafundi wanayo pia maneno mengine ambayo sikuyapata vizuri. Moja hutumiwa kwa alama ndogo inayobandikwa juu ya tangazo ili jirani ajue alifanyie nini; wao huliita kwa neno lenye maana ya jumuiya, na kwetu jumuiya ni watu, wana mwenyekiti na mweka hazina. Niliandika alama nikaendelea.

Siku moja mpwa wangu alinionesha kitu ambacho hakikuwamo katika kurasa 11. Ana rafiki fundi ng'ambo ya mto, Karonga, wakapanga kupimana. Kutoka Kasumulu ukisimama darajani unauona upande wa pili kwa macho. Akaituma pakiti kwa rafiki yake na kuiamuru itaje kila kituo ilichopita. Ikapanda Tukuyu, ikafika Mbeya, ikafika Dar es Salaam, ikaingia baharini, ikatokea London, na kutoka London ikaanza kurudi Afrika kwa njia nyingine, hadi Malawi, hadi Karonga. Zaidi ya milisekunde 300 kwenda na kurudi. Uzi wa kioo unavuka mto pale pale, lakini uzi sio njia. Njia ni masharti, na kampuni hizi mbili hazina masharti baina yao. Hazijawa majirani, ila kwa ramani.

Msomaji wa visiwani ana sababu ya kulifikiria daraja lile. Mkataba uliotiwa saini tarehe 1 Julai 1890 baina ya Uingereza na Ujerumani, ule uliotuweka sisi wa Unguja na Pemba chini ya himaya ya Waingereza na kuwapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland, ndio ule ule uliochora mpaka wa Ziwa Nyasa kufuata ufukwe hadi mlangoni mwa Mto Songwe, kisha kupanda na mto. Karatasi moja iliamua habari ya Forodhani na habari ya Matema. Tanzania hushikilia kwamba mpaka uko katikati ya ziwa, Malawi hushikilia ufukwe wa mkataba, na ubishi huo ulifufuka mwaka 2012. Na Songwe wenyewe hausaidii kitu: ni mto unaohama. Ukifurika huacha mkondo wake na kushika mwingine, na mkulima aliyelala upande mmoja wa mpaka huamka shamba lake likiwa upande wa pili. Nchi mbili zimeunda kamisheni ya pamoja ya kuushughulikia. Nilipomsikia mpwa wangu akieleza kwamba rauta hubadilisha njia bila ya kuwauliza wasafiri, nilimwona dada yangu, ambaye hajui lolote la mitandao, akitikisa kichwa kwa kuelewa kabisa.

Ziwa hilo lina pia kisa cha habari iliyochelewa. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, ya nahodha Rhoades, na meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ya nahodha Berndt, zilikuwa zikitumia maji yale yale na manahodha wake walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Vita vilipotangazwa Ulaya, habari ilimfikia Rhoades. Haikumfikia Berndt. Tarehe 13 Agosti Guendolen ikafika Liuli, ambako meli ya pili ilikuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, na kuipiga mzinga. Berndt akatoka kwa mashua, amekasirika, akimpigia kelele rafiki yake kumwuliza kama amerukwa na akili. Akatekwa. Wanahistoria hukisimulia kisa hiki kama kichekesho. Mimi, baada ya kurasa 11, naona njia mbili za habari, moja iliyo hai na moja iliyokatika, na mtu aliyesimama mwisho wa ile iliyokatika bila ya kujua kwamba imekatika, maana ziwa lilikuwa shwari na taa zake zote zilikuwa kijani.

Kuhusu kutegemea njia moja, sisi wenyewe tumekwisha kuonja. Waya wa umeme unaotoka bara ulitufia mwezi Mei 2008 tukakaa kama mwezi gizani, na ukatufia tena Disemba 2009 hadi Machi 2010. Nilitunga sana miezi ile, kwa koroboi. Watu wakasema tunataka waya wa pili. Lakini wa pili nao una maswali yake. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa kusini na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku hiyo mkongo na redio ya Kyela zote zilikuwa nzima, ila huko Dar es Salaam zilikuwa zikimwagikia katika bahari ile ile. Njia mbili za Kyela zilikuwa njia moja yenye vichwa viwili.

Sahihisho la rauta tulilifanya usiku, wiki ya mwisho ya kukaa kwangu. Nasema tulilifanya, mimi nilishika tochi. Kuhariri mashine ya namna ile si kama kuhariri shairi, ambapo mstari mbovu hukaa mezani bila ya kumdhuru mtu hadi uutupe. Kila mstari ukishaandikwa na kubonyezwa unafanya kazi papo hapo, na ukikosea mpangilio, kwa kuweka katazo mbele ya ruhusa, waweza kujifungia nje wewe na ufuo mzima. Ndiyo maana mafundi huyapa masharti namba 10, 20, 30 wakiacha nafasi, apate kuingia 15 siku atakayohitajika. Na ndiyo maana kabla ya kugusa chochote mpwa wangu aliiamuru mashine ijizime na kujiwasha baada ya dakika 15. Masharti mapya yanakaa katika kumbukumbu ya muda tu mpaka yahifadhiwe. Mambo yakiharibika, unakaa mikono kifuani, dakika zinakwisha, mashine inaamka ikiwa imesahau yote uliyoifanyia.

Aliyeandika ni yule binti wa Ipinda. Mpwa wangu alitaka iwe hivyo, kwani yeye anahamia Dodoma. Sharti la 30: ruhusu yote, kwa upendeleo 50. Hamsini iko chini ya mia mbili za mkongo, kwa hiyo siku za amani sharti hilo linalala. Kisha akamwomba jirani wa redio arudie matangazo yake yote tangu mwanzo, na safari hii yakaingia yote, mistari ikikimbia kwenye kioo kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Naandika maelezo kwa lugha gani?" Mashine ile ina nafasi ya maelezo kando ya orodha, ambayo yenyewe haiyasomi, imeachiwa binadamu atakayekuja. Haipokei herufi zenye vikofia wala vitone, nasi katika Kiswahili hatuna hata kimoja. Akaandika kwa herufi kubwa: HAPA PANA KATAZO ISIPOKUWA UMEANDIKA RUHUSA. Na chini yake: REDIO HUPOKEA YOTE MKONGO UKIKATIKA.

Saa nane kasoro usiku akauchomoa mkongo kwa mkono wake. Taa moja ikazimika. Tulihesabu, mimi kwa sauti, wao kimya. Nilipofika 6 ukurasa wa gazeti uliokuwa umesimama nusu kwenye simu ya mpwa wangu ukamalizika kushuka. Binti akauacha mkongo nje kwa dakika nzima, akifungua hiki na kile, kisha akaurudisha na kungoja taa. Zilikuwa zimebaki dakika 4. Akaitangua ile amri ya kujizima, akahifadhi, akaandika tarehe katika daftari la kazi, na mpwa wangu akaenda kutafuta ufunguo wa mlango.